UZI: Ruzuku ya bayogesi hulipia nini hasa? Historia fupi tangu 1957

1.
Msimu wa kampeni ukifika, kuna ahadi moja lazima irudi: "Tutaleta bayogesi kila boma." Watu hupiga makofi, gari la mheshimiwa huondoka, vumbi hutulia. Kesho yake wapinzani wake huja redioni kusema ruzuku ni kumwaga pesa ya umma, mkulima ajijengee mwenyewe. Wiki mbili baadaye pande zote mbili zimesahau, na mama bado anapuliza kuni.

Mimi nasoma sayansi ya siasa. Semista iliyopita niliamua kuifuata hii ahadi hadi ilikotoka, na uzi huu ndio nilichopata. Kama kawaida yetu hapa, hakuna mwanasiasa wala chama kitakachotajwa. Ni mrefu kidogo, jiwekee chai.

2.
Kwanza niseme kwa nini jambo hili linaniuma.

Shosho wangu anaishi upande wa Mukurweini, Nyeri. Mwaka wa 2011 alijengewa mtambo wa bayogesi. Aliuza ndama, akakopa kwenye chama, na mradi ukamwongezea ruzuku. Jumla ilikaribia shilingi 80,000. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka ule moto wa bluu na vile jikoni hakukuwa na moshi tena. Chai ilichemka kabla hujamaliza kuosha vikombe.

Ulifanya kazi miaka minne. Halafu moto ukaanza kufifia, ukawa unawaka dakika kumi na kuzima, mwishowe ukafa kabisa. Simu ya fundi ikawa haipatikani. Ofisi iliyomsajili ikamwambia mradi umefika mwisho. Kwa miaka mingi kuku wametaga juu ya ule mtambo.

Kampeni zilizopita, mheshimiwa mmoja alifika sokoni na ahadi yake. Shosho alinyoosha mkono akauliza: "Mpya ni sawa. Lakini huu wangu nani ataufufua?" Jibu lilikuwa, "Tutaangalia, mama." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hilo ndilo swali lenyewe.

3.
Tuelewane kwanza jinsi hii kitu inavyofanya kazi, maana mabishano mengi huko nje yanatoka kwa watu ambao hawajawahi kuuona mtambo.

Unachukua samadi ndoo moja, unachanganya na maji ndoo moja. Unamimina kwenye tangi lililojengwa chini ya ardhi na kuzibwa hewa isiingie. Ndani kuna vijidudu visivyohitaji hewa. Vinaila ile samadi na kutoa gesi, ambayo karibu asilimia 60 yake ni methani. Gesi inapanda juu, inapita kwenye bomba hadi jikoni. Samadi iliyokwisha kuliwa inatoka upande wa pili ikiwa tope jepesi lisilo na harufu kali, na rutuba yake bado imo.

Hesabu ya haraka: kilo 1 ya samadi mbichi hutoa takriban lita 40 za gesi. Ng'ombe 2 wa kufugiwa zizini hukupa kilo 30 hadi 40 kwa siku, yaani gesi lita 1,200 hadi 1,600. Hiyo inatosha sehemu kubwa ya mapishi ya familia ya kawaida.

Lakini angalia kitu ambacho hakisemwi jukwaani. Samadi kilo 40 inataka maji lita 40. Hiyo ni mitungi miwili ya lita 20, kila siku ya Mungu. Kama maji ni ya mtoni, kuna mtu atayabeba, na sote tunajua ni nani.

4.
Sasa historia. Mtambo wa kwanza wa bayogesi Kenya ulijengwa mwaka wa 1957 na Tim Hutchinson, mkulima wa kahawa. Ilikuwa bado enzi ya ukoloni, tena wakati wa Hali ya Hatari. Serikali haikumpa ruzuku. Alijenga kwa sababu shamba lake lilihitaji nishati na mbolea.

Na hapa kuna jambo ambalo lilinishangaza kuliko yote niliyosoma. Mwaka uliofuata, 1958, alianza kuwajengea wengine kibiashara. Bidhaa kuu aliyoitangaza haikuwa gesi. Ilikuwa lile tope la mbolea, kwa sababu aliona kahawa yake ilivyolipenda. Gesi ilikuwa nyongeza tu.

Kati ya 1960 na 1986, kampuni yake iliuza zaidi ya mitambo 130 midogo na mingine 30 mikubwa. Si mingi kwa miaka 26. Lakini mnunuzi alijua anachonunua, na muuzaji alijua kwamba mtambo ukifa, sifa ya biashara imekufa. Shika hilo wazo, tutalirudia.

5.
Serikali iliingia lini? Ilisukumwa na mafuta.

Mwaka wa 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla, ikapanda tena 1979. Nchi kama yetu, inayonunua kila tone kutoka nje, ilibanwa vibaya. Mwaka huo wa 1979 Kenya ikaunda wizara ya nishati. Agosti 1981 Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Wajumbe walijaa mjini, na wafadhili wakaanza kutafuta miradi ya kufadhili.

Tatizo lilikuwa la petroli na dola. Ila nyumba nyingi za mashambani hazikuwa zinapika kwa petroli, zilikuwa zinapika kwa kuni. Tangu siku hiyo, siasa ya bayogesi Kenya imekuwa na kasoro hii: msukumo unatoka juu, kwa sababu za juu. Bei ya mafuta ikipanda, tunakumbuka samadi. Ikishuka, tunasahau.

6.
Miaka ya 80, Wajerumani kupitia shirika lao la GTZ walishirikiana na wizara kwenye mpango maalum wa nishati. Eneo moja walilolitilia mkazo ni Meru. Mafundi wa huko walifunzwa kujenga mitambo ya aina ya pipa linaloelea, muundo uliotoka India: shimo chini, pipa kubwa la chuma juu yake, linapanda gesi ikijaa na kushuka gesi ikitumika.

Uzuri wa lile pipa ni kwamba unaona kwa macho gesi uliyo nayo. Ubaya wake ni chuma. Chuma ni ghali na chuma hushika kutu. Pipa likitoboka, lazima ulichomelee au ununue jingine. Mradi ulilipia mafunzo na mitambo ya mfano. Haukuacha mfuko wa kubadilisha mapipa. Mingi ya mitambo iliyojengwa nchini miaka hiyo iliishia kama ule wa shosho: ipo, ila haiwaki.

7.
Hapa nataka niingize ng'ombe, kwa sababu historia ya bayogesi bila historia ya maziwa haieleweki.

Ng'ombe anayezurura malishoni hakupi gesi. Samadi yake imetawanyika ekari nzima. Unahitaji ng'ombe aliyefungiwa, samadi yake ikusanyike mahali pamoja. Milima ya kati ilifika huko kwa sababu mashamba yaligawanywa kwa watoto hadi yakawa vipande. Mpango wa kitaifa wa kuendeleza maziwa, uliofadhiliwa na Uholanzi kati ya 1980 na 1995, ulifundisha wakulima kujenga zizi la kisasa na kupanda majani ya napier. Haukuwa mradi wa bayogesi. Lakini ndio uliokusanya samadi, na bila huo mambo ya baadaye yasingewezekana.

Halafu 1992 serikali ikaachilia soko la maziwa, bei ikawa ya kila mtu na mnunuzi wake. Kuna wakulima walionufaika na kuna walioumia. Kwa mtambo, somo ni rahisi: mkulima akiuza ng'ombe kwa sababu maziwa hayalipi, mtambo unalala njaa. Ukiona mgombea anaahidi bayogesi bila kusema neno kuhusu bei ya maziwa na ya chakula cha mifugo, jua ameahidi jiko bila chakula chake.

8.
Wakati huohuo, Arusha, jirani zetu walikuwa wanafanya kazi ya maana. Kituo cha CAMARTEC kilichukua ule muundo wa kuba lisilosogea, ambao Wachina waliujenga kwa mamilioni, wakaurekebisha ufae udongo na vifaa vya huku kwetu. Kuba la matofali na simiti, lote liko chini ya ardhi. Hakuna chuma cha kushika kutu. Ukijengwa vizuri, unadumu miaka 20.

Tatizo ni hayo maneno mawili, "ukijengwa vizuri." Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuitoa gesi yote, na huuoni. Kwa hivyo ujuzi wa fundi ndio mtambo wenyewe.

9.
Tunafika 2009, mwaka ambao ruzuku kubwa ilianza. Uholanzi ilifadhili mpango wa bayogesi katika nchi kadhaa za Afrika. Hapa Kenya uliendeshwa kupitia shirikisho la wakulima, ukatumia muundo uliotokana na ule wa Arusha. Kila boma lililojenga lilipata ruzuku ya shilingi 25,000. Iliyobaki ulijitafutia.

Lengo lilikuwa mitambo 8,000. Kufikia mwisho wa 2013 ilikuwa imejengwa zaidi ya 11,000. Kwa mitambo ya nyumbani, hatujawahi kuona kasi kama hiyo kabla. Mafundi mamia walifunzwa. Shosho wangu alikuwa mmoja wa hao 11,000.

Na mnisikilize vizuri, mimi si mmoja wa wanaosema mradi ule ulikuwa bure. Ruzuku ilithibitisha kwamba wakulima wanataka hii kitu. Mtu hauzi ndama kwa ajili ya kitu asichokitaka.

10.
Lakini ruzuku ile ililipwa lini? Mtambo ulipokamilika. Mkaguzi anakuja, anaona kuba limejengwa, anaona moto, anajaza fomu, pesa inatoka. Baadaye ruzuku ikapunguzwa, kisha ikaondolewa, na mkazo ukahamia kwenye mikopo na soko.

Jiweke kwenye viatu vya fundi. Ukijenga mtambo mpya unalipwa vizuri. Ukipanda matatu kwenda kuziba ufa wa mtambo wa zamani, unalipwa nauli na chai. Utaenda wapi? Si ubaya wa roho. Pesa ilikuwa inaelekeza huko.

Na nani alifikiwa? Aliyekuwa na ng'ombe 2, maji karibu, na shilingi 50,000 za kujazia. Mwenye ng'ombe mmoja wa kukodi malisho, au mwenye mbuzi tu kule nyanda kavu, hakuwemo kwenye hesabu. Huu ni ukweli wa ruzuku nyingi: humsaidia aliye karibu na mlango aingie. Aliye mbali na mlango haioni kabisa.

11.
Matokeo? Sensa ya 2019 iliuliza kila nyumba inapikia nini. Kuni ziliongoza kwa asilimia 55.1. Gesi ya mtungi 23.9. Makaa 11.6. Mafuta ya taa 7.8. Stima 0.9.

Bayogesi ilipata 0.5. Nyumba 1 kati ya 200, miaka 62 baada ya mtambo wa kwanza.

12.
Kuna upande wa pili wa sera ambao watu huuchanganya na huu: gesi ya kuzalisha stima.

Mwaka wa 2008 serikali ilitunga sera ya bei maalum kwa stima ya vyanzo safi. Bayogesi iliongezwa 2010. Marekebisho ya 2012 yaliweka senti 10 za dola kwa kila uniti, kwa mkataba wa miaka 20. Mwaka wa 2015 mtambo wa Gorge Farm, Naivasha, ukaanza kazi: zaidi ya megawati 2 kutokana na mabaki ya mboga na mimea ya shamba. Mpango ulikuwa stima itumike shambani, inayozidi iuzwe kwa gridi, na tope lirudi mashambani kama mbolea.

Angalia tofauti. Hapa serikali hailipi mtu kwa kujenga. Inalipa kwa kila uniti inayotoka. Mtambo ukizima leo, malipo yanazima leo. Mwenye mtambo atamtafuta fundi usiku wa manane. Shosho hakuwa na mtu wa kumtafutia fundi hata mchana.

13.
Lakini tusiabudu hiyo njia pia. Mfano maarufu wa kulipia uniti ni Ujerumani, kwa sheria yao ya mwaka 2000 iliyohakikisha bei kwa miaka 20. Mitambo ya mashambani ikaongezeka kwa maelfu. Mwaka wa 2004 wakaongeza malipo ya ziada kwa mimea iliyopandwa makusudi kwa gesi. Wakulima, kama mkulima yeyote mwenye akili, wakafuata pesa: wakapanda mahindi, eka baada ya eka, si ya kula bali ya kulisha mitambo. Wananchi wakalalamika, kodi za mashamba zikapanda. Mwaka wa 2012 serikali ikalazimika kuweka kikomo cha mahindi kwenye mitambo mipya, na 2014 ikakata malipo zaidi.

Kwetu ambako unga ni siasa, fikiria mahindi yakishindana na jenereta. Kwa hivyo neno "taka za shamba" lazima liandikwe kwenye sheria kwa maana yake halisi: samadi, maganda, mabua, mabaki. Lisipoandikwa, litatafsiriwa na mwenye pesa.

14.
Njia ya tatu ya serikali kusaidia ni kodi. Hii haionekani, haina jukwaa wala makofi, lakini inauma.

Gesi ya mtungi iliondolewa VAT mwaka wa 2016. Julai 2021 ikarudishiwa asilimia 16. Mwaka wa 2022 ikashushwa hadi 8. Mwaka wa 2023 ikafutwa tena. Kwa bayogesi, mabadiliko ya sheria za kodi ya 2020 yaliitoa gesi hiyo, pamoja na mitambo yake ya mfuko wa plastiki, kwenye orodha ya bidhaa zisizotozwa VAT.

Sasa wewe ni muuzaji mdogo wa mitambo kule Bungoma. Umechukua mkopo ukihesabu bei moja, bunge likapitisha bajeti, bei ikawa nyingine. Ahadi ya ruzuku ya miaka mitano inaweza kuuawa na mstari mmoja wa sheria ya fedha. Ndiyo maana mimi siku ya bajeti nasoma jedwali, sisikilizi hotuba.

15.
Tuje kwenye mdahalo wenyewe. Nitaweka hoja za pande zote kama zinavyosemwa na watu makini, si kama zinavyosemwa na wapiga kelele.

Wanaopinga ruzuku wanasema: pesa ya kodi inatoka hata kwa mama mboga asiye na ng'ombe, kwa nini imjengee jiko mwenye ng'ombe wa gredi? Pia wanasema ruzuku ikija, watu hungoja ruzuku, na ikiondoka soko linabaki limelala. Hoja hizi zina uzito. Nimeonyesha hapo juu nani alifikiwa.

Wanaounga mkono wanasema: gharama yote iko kwenye boma moja, lakini faida inatoka nje ya boma. Msitu haukatwi. Moshi hauendi kwenye mapafu ya watoto, ambao hospitali ya umma ingewatibu. Methani ya samadi iliyolundikwa, ambayo kilo kwa kilo hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 ya kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100, inachomwa badala ya kupaa. Kama faida ni ya wote, si haki gharama ibebwe na mmoja. Na tayari tunasamehe kodi ya gesi inayokuja kwa meli, kwa nini si ya zizini?

Naona upande wa pili una hoja nzito zaidi. Lakini unasimama kwa sharti moja: mtambo uwe unawaka. Mtambo uliokufa haulindi msitu. Na unaovuja unapeleka methani angani moja kwa moja. Faida yote ya umma iko kwenye ule moto wa bluu wa kila siku. Kwa hivyo hapo ndipo pesa ya umma inapaswa kwenda.

16.
Kuna wenye kusema, "Hayo ni ya serikali kuu." Si yote. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti usambazaji wa stima na gesi na usimamizi wa nishati katika eneo lao. Kilimo na mifugo pia ni kazi za kaunti. Ofisa wa mifugo anayetembelea zizi anaweza kuangalia na mtambo uliojengwa hatua kumi kutoka hapo, akifunzwa na akipewa mafuta ya pikipiki. Kwa hivyo ahadi ikitoka kwa mgombea wa kaunti, usikubali aitupie Nairobi.

17.
Na mbolea? Miaka hii tumebishana sana kuhusu mbolea ya ruzuku: mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 3,500 mwaka wa 2022, kisha 2,500 mwaka wa 2023. Ni mjadala halali. Lakini kwenye mjadala huo sijasikia mtu akitaja lile tope ambalo mkulima wa 1957 aliliona ni bidhaa kuu. Haliwezi kuchukua nafasi ya mbolea yote ya dukani, ni jepesi na ni zito kubeba mbali. Ila kwa napier na mboga zilizo karibu na boma linapunguza gharama waziwazi. Tumeweka bayogesi kwenye wizara ya nishati na mbolea kwenye wizara ya kilimo, na tope limebaki kwenye mtaro katikati.

18.
Turudi Mukurweini. Desemba iliyopita, baada ya kusoma haya yote, niliona aibu kuandika kuhusu mtambo uliokufa nyumbani kwetu bila kujua uliuawa na nini. Niliuliza kwenye soko la maziwa hadi nikapata fundi aliyefunzwa miaka ile ya mradi. Siku hizi anajenga nyumba za kukodisha.

Alikuja, akafungua, akacheka. Kulikuwa na ufa shingoni mwa kuba, valvu iliyokwisha, na njia ya kuingizia samadi iliyozibwa na majani makavu. Tulitoa tope la zamani siku mbili. Akapiga plasta ya ndani, akabadilisha valvu na kipande cha bomba. Jumla, vifaa na kazi: shilingi 14,000. Mtambo wa 80,000 ulilala miaka mingi kwa sababu hapakuwa na 14,000 na namba ya simu inayoshika.

Ng'ombe wamebaki 2, kwa bahati. Tulijaza samadi na maji, tukangoja. Gesi ya kwanza haikuwaka, fundi alikuwa ametuonya kwamba ya mwanzo huwa haina methani ya kutosha. Wiki ya nne shosho aliwasha njiti na moto ukashika. Hakusema mengi. Aliweka sufuria ya chai, akaniambia, "Enda uniletee ule mtungi mwingine wa maji, kesho inataka tena."

Najua boma moja si utafiti. Lakini swali lake kwa mheshimiwa sasa nina jibu lake, na ni shilingi 14,000.

19.
Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Serikali isaidie, ndiyo. Lakini isilipie shimo, ilipie moto. Sehemu ya ruzuku itoke mtambo ukikamilika, sehemu itoke mwaka wa pili mkaguzi akikuta unawaka, sehemu mwaka wa nne. Mafundi walipwe pia kwa mitambo ya zamani wanayoifufua. Na kabla ya kujenga mpya hata mmoja, tuhesabu iliyokufa, kwa sababu huko ndiko pesa kidogo italeta moto mwingi.

20.
Ahadi ikija tena sokoni kwenu, na itakuja, uliza haya matatu, kwa heshima, ukiwa umesimama:

Moja, mtambo ukiharibika mwaka wa tano, nani atalipia na nitampigia nani?
Mbili, asiye na ng'ombe 2 na maji karibu, mpango wake ni upi?
Tatu, mitambo iliyojengwa kwenye miradi iliyopita katika wadi hii, mingapi inawaka leo?

Akijibu la tatu kwa namba, msikilize. Amefanya kazi ya nyumbani. Akisema "tutaangalia," nawe pia endelea kuangalia.

21.
Uzi unaishia hapa. Kama kwenu kuna mtambo, niambie hapo chini: kaunti gani, ulijengwa mwaka gani, unawaka au umekufa? Usiandike jina la mtu wala namba ya simu. Nitaweka hesabu yetu pamoja na kuirudisha hapa, kwa sababu kama hakuna anayehesabu, wacha tuanze sisi.